Mkunga na Mizani ya Vitunguu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyetuanzisha kwa pande la damu ndani ya giza la tumbo, akalijua kila tone kabla halijatiririka. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Namshukuru kwa uhai wa mwanangu Zuhura, na namshukuru kwa mtu aliyemfanya kuwa sababu ya uhai huo, ingawa mtu huyo hakuwa wa dini yangu, hakuwa mpole, na kwa miaka mingi nusu ya watu wa mtaa wetu wa Kiboriloni, hapa Moshi, walimwogopa.

Nitamwita Mkunga, kama tulivyomwita sote. Sitaeleza alizaliwa wapi wala ni wa ukoo gani. Huku kwetu ukitaja ukoo wa mtu wa mlimani, wasikilizaji huacha habari yako na kuanza kubishana kuhusu mipaka ya vihamba, yale mashamba ya urithi. Inatosha kusema kwamba alikuwa Mkatoliki wa huko juu kwenye kahawa na migomba, kwamba alisimamia chumba cha kuzalia katika zahanati moja ndogo juu kidogo ya soko, na kwamba nyumba yake ilitazamana na baraza ninapowafundisha wasichana Kurani. Tulikuwa majirani kwa muda mrefu kuliko ndoa nyingi ninazozijua.

Alikuwa mtu wa kushuku. Ukimwamkia shikamoo, hakuitikia papo hapo. Alikutazama kwanza midomo, kisha macho, kisha miguu kama imevimba, ndipo akasema, "Marahaba. Unaumwa nini?"

"Siumwi, mama."

"Hilo nitaamua mimi."

Mjamzito hakupita mbele yake kwa amani. Niliwahi kumwona akimsimamisha msichana mmoja katikati ya soko, baina ya mafungu ya nyanya na mikungu ya ndizi mshare, akamvuta ukope wa chini kwa kidole gumba, akachungulia kama mtu anayetazama ndani ya mtungi.

"Humu ndani kweupe kama karatasi. Vidonge vya damu unameza?"

"Nameza, mama."

"Unameza wewe au linameza godoro?"

Wauza ndizi wakaangua kicheko. Msichana akainamisha kichwa. Kumbe kweli vidonge vilikuwa chini ya godoro, kwa sababu vilimtia kichefuchefu, na mama mkwe wake alikuwa amemwambia vinamkuza mtoto mpaka ashindwe kupita. Mkunga hakucheka. Alimwambia avimeze akishakula, si kabla, na amlete huyo mama mkwe zahanati.

"Siku ya kujifungua damu itatoka tu, mwanangu, hata kila kitu kikienda vizuri," alimwambia. "Sasa wewe unaanza safari na kibuyu nusu. Kikipasuka kidogo utabaki na nini?"

Ndani ya zahanati alilishuku friji kuliko alivyowashuku watu. Humo ndimo ilimokaa dawa ya kukaza kizazi, ile sindano anayochomwa mama mara tu mtoto anapotoka, ili damu isije ikamwagika bila breki. Mkunga alisema dawa ile ikipigwa na joto hubaki na sura yake, lakini kazi imekwisha, kama mlinzi aliyelewa akiwa amevaa sare. Umeme ukikatika aliweka kiti mbele ya friji akakaa, na hakuna aliyethubutu kulifungua. Nesi mmoja kijana aliwahi kuweka soda yake humo ipate baridi. Mkunga aliitoa, akaenda nayo nje, akaimimina kwenye shina la mgomba.

Siku nyingine dereva wa bodaboda alileta kasha la dawa kutoka mjini wakati wa jua kali. Barafu ndani ya kasha ilikuwa maji matupu.

"Mama, nimekimbia kweli kweli," yule dereva alisema.

"Umepita wapi?"

"Moja kwa moja, mama. Mjini mpaka hapa."

"Moja kwa moja kupitia kwa mama lishe. Mbona mdomo unang'aa mafuta ya chapati?"

Kasha likarudi lilikotoka, na yeye akapanda nyuma ya pikipiki ileile kwenda kuchukua jingine, akalipakata mapajani kama mtoto mchanga.

Mtu angedhani kwamba mwanamke wa namna hiyo nyumbani kwake ana makufuli matatu. Hakuwa na hata moja. Mlango wake ulirudishwa tu. Kuku wake walilala kwa watu na hakuwafuata. Alinunua maziwa kwa muuzaji ambaye sote tulimjua kwa kuongeza maji, na hakuwahi hata kuyaonja mbele yake. Nilipomuuliza sababu, alinishangaa.

"Mwalimu, maziwa yakitiwa maji, nani anakufa?"

Mimi nilikuwa na neno langu kwake. Katika dini yetu tumefundishwa tujiepushe na kuwadhania watu vibaya, na nilimwambia hivyo siku moja alipokuja barazani kuazima ungo. Nilimwambia kwa upole kwamba anawaumiza watu wasio na kosa. Alisikiliza mpaka mwisho, maana kusikiliza alijua.

"Wewe unawafundisha watoto wawaamini watu, na ni vizuri," alisema. "Lakini mimi simdhanii mtu. Naidhania damu. Damu ni kitu kinachotoka polepole huku kila mtu anacheka na kumpa mtoto jina."

"Na Mungu je?"

"Mungu namwamini. Ndiyo maana nikitoka kazini nalala usingizi."

Watu walitaka sana kujua ni nani alimfia mikononi hata akawa hivyo. Wengine walisema ni dada yake, wengine wakasema ni mke wa mtu mkubwa kule Tarakea. Habari hizo zilimfikia, naye alinijibu mimi kana kwamba nilikuwa nimemuuliza: "Wanatafuta kaburi moja. Waambie si moja."

Sasa nifike kwenye mizani, maana ndiyo iliyomharibia jina.

Kuna desturi ambayo wasomaji wanawake wataijua. Mwenzenu anapojifungua, kazi ya jamaa zake wa kike ni kuziondoa kanga zilizochafuka. Unaziviringisha upesi, unazitia kwenye ndoo, unazifunika, na mtu akiingia akute shuka safi na mama amejipanguza uso. Ni stara. Na chini ya stara kuna hofu: damu ya mzazi haiachwi ovyo, kwa sababu hujui nani ataiokota na ataifanyia nini. Wa mlimani wanaogopa hivyo, na sisi wa mjini tunaogopa hivyohivyo, kila mmoja akisema huo ni ushirikina wa mwenzake.

Mkunga aliichukia desturi hiyo kuliko jambo lolote duniani. Alisema jamaa wa mzazi wanamfichia ushahidi. Kila kanga inayotoweka, alisema, inakwenda na habari ambayo yeye ndiye aliyepaswa kuisoma. Akaanza kuwataka wazazi waje na kanga za rangi nyepesi, nyeusi na nyekundu hazitaki. Kisha akaamua kwamba macho nayo yanadanganya, na kwamba atazipima kanga zikiwa kavu, azipime tena zikiwa zimelowa, apate uzito wa damu yenyewe.

Mizani aliitafuta sokoni. Nilikuwa naye. Alisimama kwa muuza vitunguu mmoja, akatoa kwenye kikapu pakiti ya chumvi ambayo haijafunguliwa, akaiweka kwenye sahani ya mizani ya yule bwana. Mshale ukapita pale ulipotakiwa kusimama.

"Mizani yako inaongeza," Mkunga alisema.

"Mama, mizani hii imekaguliwa na serikali!"

"Serikali haijanunua vitunguu kwako. Naitaka hiyo mizani."

"Unaitaka? Si umesema inaiba?"

"Inawaibia wanunuzi wako, mimi itanifaa. Mizani inayoongeza itanitisha bure, na kutishwa bure hakuui. Inayopunguza ndiyo itakayonituliza mpaka mtu akate roho."

Yule muuzaji alikuwa amekwisha kuaibika mbele ya wateja wake, kwa hiyo akampa haraka aondoke nayo. Lakini watu waliona. Waliona mkunga akipanda na mizani ya sahani kuelekea chumba cha kuzalia, na baada ya hapo mwanamke mmoja aliyetoka kujifungua akasimulia kwamba kanga zake ziliwekwa juu ya mizani kama nyama buchani. Uvumi haukuhitaji zaidi ya hayo. Anapima damu. Kwa nini mtu apime damu kama haiuzi? Anapeleka wapi? Wapo waliosema inavuka mpaka. Wapo waliokumbuka kwamba huko juu mzazi hunyweshwa mlaso, ule mchanganyiko wa damu ya mnyama na maziwa, wakasema hatujui anachanganya damu gani. Wanawake wawili watatu walianza kwenda kujifungulia kwa bibi zao ili wasipimwe. Mimi sikusema kitu, ila nilikaa barazani nikiitazama ile nyumba isiyo na kufuli, na sikuwa na hakika.

Katika hali hiyo ndipo Zuhura, mwanangu wa pekee, alipofikiwa na uchungu wa mtoto wake wa kwanza.

Tulikwenda zahanati asubuhi, mimi na wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Shangazi huyu wa Zuhura ni mwanamke mwenye mikono ya haraka na heshima kubwa, na alikuwa mstari wa mbele kati ya walioamini habari ya mizani. Njiani alininong'oneza, "Yule mwanamke asishike hata uzi wa kwetu." Mtoto alizaliwa baada ya adhuhuri, msichana, analia vizuri. Mkunga akachoma sindano yake, akatoa kondo, akalitazama upande na upande akiwa amekunja uso, akaridhika nusu. Kisha akaitwa chumba cha pili kwa mama mwingine kwa muda mfupi.

Wifi yangu akafanya kazi yake. Alipanguza, akakunja, akatandika. Mkunga aliporudi, chumba kilikuwa safi kama cha bibi harusi. Zuhura alikuwa ametulia, anatabasamu, anasema anasikia usingizi kidogo tu. Mimi nilikuwa nimeshika mjukuu wangu nikimwadhinia sikioni, moyo wangu umejaa shukrani.

Mkunga akasimama mlangoni. Hakumtazama mtoto.

"Kanga ya njano iko wapi?"

"Ipi?" wifi akauliza.

"Mlikuja na ya njano yenye nakshi ya korosho. Iko wapi?"

"Nesi, hayo ni mambo ya kwetu ya ndani."

"Nauliza mara ya mwisho."

"Unanishuku mimi? Mimi mtu mzima, shangazi yake?"

"Nakushuku wewe, namshuku na huyu aliyelala, na hilo tabasamu lake ndilo ninalolishuku kuliko nyote!"

Alipiga magoti, akachungulia chini ya kitanda, akavuta ndoo iliyofunikwa kwa mkeka wa kuswalia. Ndani yake mlikuwa na ile ya njano, na nyingine chini yake, na vitambaa ambavyo hata mimi sikuona vikiondolewa. Alivitupa juu ya mizani. Ule mshale ulikwenda mbali. Hata ukiupunguzia wizi wote wa muuza vitunguu, ulikuwa umekwenda mbali.

Kuanzia hapo sikumsikia akipaza sauti tena. Alifunua shuka safi, na chini yake kulikuwa na damu mpya. Alimminya Zuhura tumbo kwa kiganja, akamtoa mkojo kwa mpira, akamchoma dawa nyingine, akatundika maji, akamwagiza nesi aite gari la kumpeleka hospitali kubwa mjini. Mtoto alimchukua mikononi mwangu, akamweka kwenye titi la mama yake. Mimi nilikuwa nimefungua viganja naomba. Alikichukua kimoja, akakibonyeza chini ya kitovu cha mwanangu.

"Omba, Mwalimu, lakini mkono mmoja uwe hapa. Sugua. Unasikia nini?"

"Laini."

"Kama parachichi lililoiva. Silitaki. Nataka bichi. Usiache mpaka liwe bichi."

Nilisugua nikisoma, Zuhura akilalamika kwamba namuumiza, kisha akiacha kulalamika, jambo lililonitisha zaidi. Nilisugua ndani ya gari mpaka mjini. Mahali fulani kwenye mteremko nilisikia tumbo likikaza chini ya vidole vyangu, likawa gumu na la mviringo. Nilipomwambia Mkunga aliyekaa pembeni ameishika juu ile chupa ya maji, hakufurahi. Aliweka mkono wake juu ya wangu akahakikisha mwenyewe.

Hospitali walimwongezea damu, na kwa rehema ya Mola mwanangu akarudi nyumbani kwa miguu yake.

Wifi yangu hakusamehe. Hakubishana kwamba Zuhura aliokolewa. Alichoshikilia ni kwamba aliitwa mwizi mbele ya watu. Mkunga naye, ambaye hakujuta kushuku, alijuta kupiga kelele. Baada ya siku kadhaa tulikuta jani la isale limewekwa langoni kwa wifi. Kwa Wachagga jani hilo likiletwa, maana yake ni ombi la msamaha, na halikataliwi. Wifi alikulia Moshi, maana yake aliijua sana. Lakini alilitazama kwa mbali, mikono nyuma.

"Isale ya kweli au isale ya kuniroga?" akaniuliza.

"Isale ni isale, wifi."

"Kutoka kwa mtu anayepima damu?"

Akalisukuma kwa fimbo mpaka nje ya uzio, kisha akanawa mikono. Nilipomsimulia Mkunga, nikihofu atakasirika, alitikisa kichwa kwa namna ya mtu aliyekutana na mwenzake. "Hana ubaya," alisema. "Hata mimi nisingelishika."

Tangu siku hiyo alibadilisha jambo moja. Kila alipomaliza kupima, alimkabidhi jamaa wa mzazi kanga zote mkononi, azifue au azichome mwenyewe, aone kwamba hakuna hata kipande kilichobaki zahanati. Uvumi ulipungua, ingawa haukufa. Kisha akastaafu, akapanda kwenye kihamba chake kule juu, na miguu ikaanza kumsumbua. Mizani sikuiona tena.

Zuhura alikaa miaka mingi bila kutaka mtoto mwingine. Aliogopa, nami sikumlazimisha. Mwaka jana akapata mimba, na wauguzi wakamwambia kwamba aliyewahi kutoka damu nyingi asijaribu zahanati, aende hospitali mapema. Alikubali, ila aliniambia, "Mama, yule bibi atakuwepo?" Nilimwambia yule bibi ni mzee sasa na haruhusiwi tena. Hata hivyo nilimpelekea salamu.

Siku yenyewe tulipewa benchi nje ya wodi. Siku hizi wanaruhusu jamaa mmoja wa kike aingie na mzazi, na wifi yangu alikwisha kuingia kabla sijanyanyuka. Nilikuwa katikati ya tasbihi nilipoona fimbo imesimama mbele ya miguu yangu. Mkunga alikuwa ameshuka kutoka mlimani na chupa ya mtori, ile supu nzito ya ndizi anayopewa mzazi. Alikuwa amekonda. Alinikagua midomo na macho kabla ya kuketi.

"Amejifungua?"

"Sijui bado."

"Nani yuko naye?"

Nilipomtajia, alifumba macho, akashika msalaba wa shingoni.

Muda si mrefu nesi kijana akatoka akitabasamu. Alitwambia ni mvulana na mama ni mzima. Nilisujudu palepale kwenye sakafu. Nilipoinuka, Mkunga alikuwa amemzuia yule binti kwa fimbo.

"Damu kiasi gani?"

"Kidogo tu, bibi. Kawaida."

"Kidogo cha nani?"

"Tunamwekea mfuko wa plastiki chini yake, bibi, una mistari ya kupimia. Haijafika hata mstari wa kwanza."

"Mistari kachora nani?"

"Inatoka nayo kiwandani."

"Kiwanda kimewahi kuzaa?"

Binti akacheka, akaniangalia kuomba msaada. "Jamani, leo nimepatikana. Huko ndani yuko mama mmoja, shangazi yake, ananiuliza hayohayo. Dada wa usafi alitaka kuokota kanga iliyoanguka, akamfokea iachwe ionekane. Mkono hautoi tumboni kwa mgonjwa. Ananiambia anataka parachichi bichi, sijui ndiyo nini."

Mkunga akamwachia yule binti njia. Aliishusha fimbo.

Tulikaa. Baada ya saa nzima hivi, nesi alipokuwa amepima tena na tena na kusema Zuhura anaendelea vizuri na amekula, mlango ukafunguliwa na wifi yangu akatoka. Alimwona Mkunga. Hawakuwa wamesalimiana tangu ile ndoo. Hakumsalimia sasa. Alitazama kulia na kushoto kwenye ukumbi kuhakikisha hakuna mwanamume, akafungua baibui lake kidogo, akatoa kanga iliyokunjwa, akaikunjua mapajani mwa Mkunga.

"Haya. Tazama."

Mkunga aliigeuza upande huu na huu. Aliikusanya kwenye kiganja, akaipandisha na kuishusha, macho ameyafumba, kama mtu anayepima vitunguu bila mizani. Niliona mabega yake yakilegea, kitu ambacho sikuwahi kukiona. Akaikunja vizuri, akamrudishia mwenyewe mkononi.

Kisha akafumbua macho.

"Na nyingine?"

Wifi yangu akaingiza mkono tena ndani ya baibui.

"Nilijua tu utauliza," alisema, akaketi kando yake, akaitoa ya pili.

Ewe unayesoma, Mwenyezi Mungu akuhifadhie mama aliyekuzaa, kama yu hai, na amrehemu kama ametangulia. Akujaalie, saa yako na ya wako itakapofika, jirani ambaye hatadanganyika na shuka safi. Amina.